Kura ya Kokwa na Buni

Nilistaafu wizarani nikiwa bado na nguvu za kugombana na watu. Dirisha langu akapewa mwengine, hamaki zangu nikarudi nazo nyumbani Bawshar, hapa Oman, kwa mama yangu, ambaye hazimtishi hata kidogo. "Piga kelele binti yangu," huniambia, "ukichoka utakunywa chai." Ndivyo tunavyoishi mimi na yeye tangu baba alipofariki.

Kila Alhamisi baada ya alasiri nyumba yetu hujaa wanawake wa ukoo. Ni desturi iliyoanza pale wazee wetu walipohamia huku kutoka Unguja, kila mtu mgeni, hana wa kumwambia neno akaelewana naye. Siku hizi tuna magari, na wajukuu tukiwasemesha Kiswahili wanatujibu Kiarabu, lakini Alhamisi ni Alhamisi. Mimi ndiye ninayekaanga buni asubuhi, ninayepika kahawa, ninayemimina. Mama hagusi kahawa tangu daktari alipomkataza kwa sababu ya moyo. Yeye ana chai yake ya mchaichai, na akisikia harufu ya buni jikoni hugeuza uso kama anayepishana na mtu aliyekosana naye.

Shangazi yangu, dada yake baba, ana kiti chake karibu na dirisha, maana magoti hayampi ruhusa ya kukaa mkekani na sisi. Yeye na mama ni mawifi, na mawifi mnawajua: kwengine wakikaribiana lazima mtu aondoke analia. Hawa hapana. Walivuka bahari pamoja kuja huku, wakalea watoto wao kwa zamu, mmoja akiwa kazini mwengine yuko jikoni. Shangazi ni mkali, tena mcha Mungu wa kweli, si wa kujionyesha. Mama ni mpole na mcheshi. Kwa miaka yote ile niliwaona wakitofautiana kuhusu chumvi ya mchuzi, na kuhusu mimi, basi.

Mpaka ilipoingia tambola.

Baba alipofariki, mama alikaa eda kimya. Hakulia sana, alinyamaza tu, na eda ilipokwisha ule unyamavu ukabaki. Nilikuwa nikimsemesha, ananijibu neno moja. Basi jirani yetu Mhindi, mwanamke mwenye huruma zake, siku moja akaja na boksi chini ya kwapa. Ndani mna kadi zenye nambari na mfuko wa vidude vidogo vya mbao, kila kimoja kimeandikwa nambari yake. Wao huita tambola, wengine huita bingo. Mtu mmoja anachomoa kidude mfukoni anataja nambari, wengine wanafunika kwenye kadi zao, na wa kwanza kujaza mstari anapiga ukelele. Mchezo wenyewe ndio huo, mtoto anauweza.

Jirani akampa mama mfuko, awe mchomoaji. Mama akachomoa, akatazama, akasema kwa sauti ambayo sikuisikia miezi: "Arubaini! Siku za mwizi!"

Tukacheka mpaka jirani akataka tumfasirie. Tangu siku ile kila nambari ikapata jina lake. Saba, fungate. Kumi na nne, mwezi mpevu. Thalathini, leo Idi. Tisini, umri wa kila mtu humu ndani isipokuwa mimi. Alhamisi iliyofuata wanawake wote wa ukoo walikuwa na kadi mapajani, na mama yuko katikati na mfuko wake, kilemba kimekaa upande, anawatania wakwe zake kwa nambari. Nilijificha jikoni nikalia kwa furaha. Mama yangu alikuwa amerudi.

Shangazi hakucheza. Alisema yeye anatosheka kusikiliza, na kweli alikuwa akisikiliza pale kitini kwake, tasbihi mkononi, mara nyengine anaponyokwa na kicheko. Hapakuwa na ubaya wowote.

Ubaya ulianza kwa kutaka wema. Binamu yangu mmoja mwenye duka la abaya alikuja na habari ya dada mmoja wa Tanga, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani, sasa anaumwa, amelala kwa wenzake mtaa wa Wadi Kabir, hana kazi na hana tikiti ya kurudi kwao. Kuchangisha watu ovyo ovyo hapa haifai bila ruhusa ya serikali, kwa hiyo mambo kama hayo tunayamaliza wenyewe kwa wenyewe, ndani ya ukoo. Binamu akasema: "Kwa nini kadi za tambola zisiuzwe? Anayetaka kucheza atoe chochote, mshindi apewe doti ya kanga, pesa zote ziende kwa yule dada. Tunacheka na thawabu tunapata."

Kila mtu akasema wazo zuri. Kutoka dirishani ikaja sauti ya shangazi.

"Pesa inaingia, bahati inatoka. Hiyo ni kamari."

"Shangazi, ni sadaka," nikasema.

"Nnaijua sadaka. Sadaka unatoa na humtazami mtu mkono. Hii unatoa huku roho iko kwenye kanga. Kamari hata mkiivisha buibui ni kamari."

Binamu akadakia, mkwe mmoja akadakia, mara pakawa na upande huu na upande ule. Wengine wakasema nia ndiyo inayotazamwa, wengine wakaanza kumuunga mkono shangazi kwa sababu walimwogopa, na wengine kwa sababu aliwaingia akilini. Mama alikuwa ameukumbatia mfuko wa vidude.

Mimi nikapandwa. "Basi tupige kura!" nikasema. "Wengi wape."

"Haramu haipigiwi kura," akasema shangazi.

"Hatupigii kura haramu. Tunapigia kura Alhamisi yetu, tufanye nini nayo."

Akanitazama, au nilidhani ananitazama. "Haya, pigeni. Na mimi nitapiga. Lakini wallahi, ikipita, mimi hapa siji tena. Mtanizuru kwangu mkipenda." Shangazi si mtu wa kuapa apa. Nilimwona mama akiushusha mfuko taratibu, akauweka chini. Anaishi peke yake shangazi, watoto wake wana nyumba zao, na Alhamisi ile ndiyo siku yake pekee ya kutoka.

Kura za serikali siku hizi tunapiga kwa simu, lakini kwa wazee wetu simu ni ya kupokelea habari za misiba. Nikatafuta njia yangu. Kwenye ukumbi mdogo wa kuendea jikoni nikaweka meza, juu yake sahani mbili: moja ya kokwa za tende, moja ya buni nilizokaanga asubuhi. Katikati bakuli, limefunikwa kawa la ukili, lile la kufunikia chakula. Mtu anaingia peke yake. Anayetaka tambola ya sadaka anachukua kokwa, asiyetaka anachukua buni, anapenyeza chini ya kawa, anatoka. Nilijisifu sana. Nilisema hata wizarani hatukuwa na utaratibu uliosimama namna ile.

Kumbe nilifanya makosa mawili. Kokwa zenyewe nilizichukua zilezile za tende tulizokula jioni hiyo, sikuziosha. Na bakuli nililochagua ni katika yale madogo ya bati ambayo katika nyumba hii, toka mimi mtoto, hutiwa kokwa za tende wakati wa kahawa.

Wote walipopiga, nikalitoa bakuli, nikaondoa kawa, nikaliweka kando ya sinia la tende mbele ya macho ya kila mtu, ili asije mtu akasema limeguswa. Ndipo ikaadhiniwa magharibi. Wanawake wakaenda kutawadha na kusali chumba cha ndani. Shangazi alisali palepale juu ya kiti, karibu na sinia la tende.

Tuliporudi nikahesabu, na kura zikazidi watu.

Nikahesabu tena. Zimezidi. Kura zimejaa bakuli, na sisi ni walewale.

"Ala! Na kura mnaiba?" akasema mmoja wa upande wa shangazi. Mimi damu ikanipanda kichwani. Nikauliza nani anaitwa mwizi ndani ya nyumba ya baba yangu, binamu akasema na yeye anataka kujua, na pale pangekuwa na fitina ya kuhadithiwa mpaka arusi za wajukuu, kama shangazi asingekohoa.

"Mnagombania nini?" akasema. "Mimi nimesali, nikala tende zangu, kokwa nikatia bakulini. Si ndimo tunamotia siku zote?"

Nyumba ikapasuka kwa vicheko. "Lo, shangazi ameipigia kura tambola!" akasema binamu. "Tena si moja!" "Kura zina mate, jamani!" Watu walishikana mabega. Aliyeniita mwizi akaja kunibusu kichwani. Shangazi naye akatabasamu kidogo, akasema uzee huo, msiucheke, unakuja kwenu. Kokwa zote zilikuwa zinanata, haikujulikana ipi ya mezani na ipi ya kinywani, na bakuli likishaguswa, hata tukitoa zilizozidi pana atakayenung'unika, ikabidi kura ifutwe, tuirudie Alhamisi ijayo.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mama alikuwa akilitazama lile bakuli.

Wageni walipoondoka nikamkuta jikoni, bakuli liko mbele yake, hajalimwaga. "Hebu njoo utazame," akaniambia. "Unaona nini humu?"

"Kokwa na buni."

"Buni nyingi?"

"Nyingi, mama. Nusu ya bakuli nyeusi tititi."

"Mtu mwenye macho," akasema mama, "anaona bakuli limejaa buni, halafu anatia kokwa zake?"

Hapo mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani. Mkanda wa gari ambao kila nikimrudisha kwake humchukua muda, anapapasa, na mimi nikidhani ni mikono mizito. Kiti chake cha dirishani penye mwanga. Kadi ya tambola ambayo hakuitaka hata siku ile tulipocheza bure, bila pesa wala kanga.

"Kwa hiyo kamari ni kisingizio?" nikauliza.

"Siyo kisingizio. Hapendi kwa dhati ya moyo wake, na huenda haki iko kwake. Lakini mtu anaweza kuwa na sababu mbili, moja akaisema." Mama akaanza kuzitoa zile kokwa moja moja kwa ncha za vidole. "Wifi yangu haoni, na hataki tujue. Sasa amepata pa kutokea kwa heshima. Ikipita tambola atakaa kwake, atasema dini imemweka. Atakaa gizani peke yake mpaka siku aanguke."

"Tumwambie tunajua. Tumpeleke hospitali, siku hizi macho yanatibiwa."

"Ukimwambia wewe kwa ulimi wako huo, atakufukuza. Ataliapia na hilo."

Niliona uchungu, sitaficha. Nilimwonea huruma shangazi, na palepale nikamkasirikia. Miaka yote ile na hasemi! Wiki nzima nilikuwa nikijiuliza ninataka nini. Nilitaka shangazi aje, na nilitaka mama acheze. Ile tambola haikuwa mchezo kwetu, ndiyo iliyomtoa mama kwenye ule unyamavu, na kuiendesha kwa ajili ya yule dada wa Tanga kulimpa kitu cha kuamkia. Nilikuwa nikimsikia chumbani kwake akijaribu majina mapya ya nambari peke yake. Jioni moja nilimsikia akisema, "Hamsini na tano, uso kwa uso," kisha akajichekea.

Alhamisi ilipofika nikaosha kokwa zote kwa maji ya moto, nikazianika. Bakuli nikachagua la udongo ambalo halijawahi kuona kahawa. Nikatangaza kwamba tutasali kwanza, ndipo tupige kura, na hakuna tende mpaka tuhesabu. Binamu akaniita mkuu wa majeshi.

Tulipomaliza kusali, kabla sijamwita mtu, mama akainuka, akaenda mpaka penye kiti cha dirishani.

"Twende wifi," akasema. "Mimi na wewe ndio wakubwa, tuwafungulie watoto."

Akampa mkono. Shangazi alisita, nilimwona alivyosita, halafu akaushika. Wakaingia ukumbini pamoja. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kulinda kura, na nikamsikia mama akisema kwa sauti yake ya kuchomolea nambari, nusu ya mzaha: "Mkono wako wa kulia, kokwa. Wa kushoto, buni. Hapa katikati, kawa. Mimi nageuka nisikuone."

Nilisikia kitu kikigonga udongo wa bakuli.

"Ahsante, wifi," akasema shangazi. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia ndogo namna ile. Akatoka ameushika ukuta. Mama akabaki ndani, akapiga yake, akatoka na uso wa kawaida kabisa.

Wengine wakafuata mmoja mmoja. Mimi nilikuwa wa mwisho, na nilichukua kokwa. Nilikwisha kupanga maneno ya kumwambia shangazi, nikiamini kwamba ikipita nitakwenda kumbembeleza mwenyewe, hata kwa kumbusu miguu. Nikaleta bakuli, nikahesabu mbele ya watu wote. Buni zilizidi kokwa, tena kwa moja tu.

Upande wetu niliujua wote, nilikuwa nimewapima wiki nzima. Mtu mmoja ametugeuka. Nikamtazama binamu, binamu akanitazama mimi. "Usinitolee macho," akasema. "Asiyekubali kushindwa si mshindani."

Kwa yule dada wa Tanga hakukuwa na shida. Shangazi alisema hapohapo, kabla kahawa haijamiminwa, "Haya, sasa leteni sadaka isiyo na kanga," akawa wa kwanza kufungua mkoba wake, na hakuna aliyethubutu kubaki nyuma. Tikiti ilipatikana, na binamu alimpeleka mwenyewe kiwanja cha ndege. Lakini jioni ile mimi sikuwa na furaha. Mama alikusanya kadi, akazifunga kwa uzi, akatia vidude mfukoni, akafunga boksi la jirani akaniambia nilirudishe kesho, nimwambie ahsante sana. Alilipangusa vumbi kwa upande wa kanga yake. Nilitamani kulia.

Wakati wa kuondoka nilimrudisha shangazi kwake, na mama kwa mara ya kwanza akasema anatusindikiza. Alimshika mkono kutoka kitini mpaka garini, anamwambia ngazi hii, na nyengine hii. Shangazi akakaa mbele, pembeni yangu. Akainua mkono kuutafuta mkanda, akapapasa.

"Ngoja," akasema mama. Akainama ndani, akauvuta mkanda, akaupitisha mbele ya kifua cha wifi yake. Mkono wake ulipopita karibu na uso, shangazi akaukamata.

Akaunusa.

"Wifi," akasema. "Mkono wako unanuka buni."

Mimi nilikuwa nimeshika ufunguo, sikuuzungusha.

"Si umekatazwa kahawa wewe?"

"Nimekatazwa kunywa," akasema mama. "Sikukatazwa kushika."

Shangazi aliubana ule mkono kifuani kwake kwa mikono yake yote miwili. Machozi yalikuwa yakimshuka, na hakuyafuta. Nilikaa nikitazama mbele, kwenye ukuta wa jirani, maana sikuwa na haki ya kutazama pengine.

"Na tambola yako?" akauliza.

"Tambola ipo duniani kote," akasema mama. "Wifi wa kuvuka naye bahari nnaye mmoja."

Shangazi alivuta pumzi, akasema maneno ambayo kwa miaka hakumwambia daktari wala mtoto wake wa kumzaa.

"Basi Alhamisi nnakuja. Lakini uje unichukue wewe, wifi yangu, unishike toka mlangoni. Mimi sioni tena."

"Najua," akasema mama. "Nitakuja." Akautafuta mwisho wa mkanda, akamfunga.